Blowa ya mgongoni: namna ya kusafisha uwanja mkubwa bila kuuharibu

Mtu anapovaa kwa mara ya kwanza blowa ya mgongoni, yaani mashine ya kupuliza majani inayobebwa kama begi, mkono wake humtuma avute resi hadi mwisho, naye kwa dakika tatu za mwanzo hujiona bingwa, kwa maana majani yanaruka mbele yake kama kundi la kweleakwelea. Dakika ya nne ndipo anapoona kwamba nusu ya majani hayo yamevuka ua na kuangukia kwa jirani, vumbi limeingia ndani kupitia nyavu za madirisha, na mchanga uliofunika mizizi ya michungwa umehamia barazani. Mashine hizi zina nguvu kupita kazi nyingi tunazozipa, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni kujua wakati wa kuizuia nguvu hiyo.

Ninayoyaeleza hapa yametokana na kusimamia eneo la ekari tatu hivi mjini Tanga, si mbali na bahari. Lina miti minne ya mikungu, miembe, safu ya mivinje upande wa ufukweni, njia ya gari iliyotandikwa vitofali vya pevingi, na uwanja mpana wa mchanga mbele ya nyumba. Mwenye kiwanja cha kawaida cha mjini hahitaji mashine ya namna hii. Ufagio wa chelewa na nusu saa ya asubuhi vinamtosha, tena kwa ukimya. Blowa ya mgongoni inaanza kulipa gharama yake pale eneo linapozidi ekari moja, au penye barabara ndefu za ndani, maegesho, uwanja wa shule au hoteli, ambako watu watatu wangeshinda wakifagia.

Unapoinunua, usidanganywe na kasi ya upepo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kasi huyang'oa majani yaliyoganda chini, lakini kinachoyasukuma yakiwa lundo ni wingi wa hewa, na kipimo kinachojumlisha mambo hayo mawili ni nguvu ya msukumo inayoandikwa kwa nyutoni. Mfano wa mashine ya kati inayojulikana ni STIHL BR 600, yenye injini ya sentimita za ujazo 64.8 na uzito unaokaribia kilo 10 kabla ya kutiwa mafuta, na juu yake ipo BR 800 yenye injini ya sentimita za ujazo 79.9, ambayo ni nzito zaidi. Kwa maeneo yetu ya mchanga naona ile ya kati inatosha kabisa. Kubwa zaidi inafaa penye lami na majani mazito yaliyolowa. Zipo pia za betri, ambazo hazina moshi na kelele zake ni ndogo, ila mwenye eneo kubwa atalazimika kununua betri zaidi ya moja na kupanga kazi yake kwa kufuata umeme.

Kuhusu mafuta inafaa tuseme kwa kirefu, maana hapo ndipo mashine nyingi hufia. Blowa nyingi za mgongoni hutumia petroli iliyochanganywa na oili ya injini ya mipigo miwili, na hata zile zenye valvu kama injini ya mipigo minne, kama hizo mbili nilizozitaja, hutumia mchanganyiko huohuo kwa sababu hazina mahali pengine pa kuwekea oili. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini soma kitabu cha mashine yako kwanza, maana zipo zinazotaka oili zaidi. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 20 lililonunuliwa duka la dawa, bila sindano yenyewe: bomba moja kwa kila lita moja, na hakuna kukisia kwa kifuniko cha chupa. Tia kwanza nusu ya petroli ndani ya kidumu, kisha oili yote, funga utikise vizuri, halafu umalizie petroli iliyobaki na utikise tena. Kidumu kiandikwe kwa rangi kuwa ni mchanganyiko na tarehe uliouchanganya, kwa kuwa ukikaa zaidi ya siku 30 huanza kuharibika, na katika joto la pwani sioni sababu ya kusubiri hata siku hizo zitimie. Mchanganyiko usiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa muda mfupi, kwa kuwa mtu mwenye kiu haulizi.

Aina ya oili nayo ina neno lake, hasa kwetu sisi tunaokaa karibu na wavuvi. Mwaka wa kwanza oili yetu iliisha siku ya Jumapili, nikamtuma kijana dukani, akarudi na chupa ya oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3. Ilikuwa ni oili ya mipigo miwili kweli, rangi yake nzuri, na bei yake nafuu, kwa hiyo tuliendelea nayo. Baada ya majuma machache mashine ilianza kupoteza nguvu ikipata moto, kisha siku moja kamba ya kuwashia ikakataa kuvutika. Fundi alipoifungua alinionyesha pete za pistoni zilizoganda kwa masizi na ukuta wa silinda uliokwaruzika kuanzia juu hadi chini. Injini ya boti hupozwa na maji, kwa hiyo oili yake haikuundwa kustahimili joto la injini inayopozwa na hewa. Oili ya kutafuta ni ile yenye alama ya JASO FD au ISO-L-EGD kwenye chupa. Petroli nayo inunuliwe kituo unachokiamini, kwa kuwa mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huiumiza injini ndogo mapema kuliko gari.

Mashine ijazwe mafuta ikiwa chini, imezimwa na imepoa kwa dakika kumi, na iwashwe hatua tatu au zaidi mbali na pale ulipoijazia. Iweke mahali tambarare pasipo mchanga uliolegea, bonyeza kipira cha mafuta mara kadhaa mpaka uone mafuta yanapita ndani yake, funga choki (kilango kinachopunguza hewa inayoingia kwenye injini) ikiwa injini ni baridi, ikanyage kitako chake kwa mguu mmoja, kisha vuta kamba polepole mpaka uhisi inashika ndipo uivute kwa nguvu. Ikikohoa mara moja na kuzima, fungua choki na uvute tena. Wengi hukosea hapo kwa kuendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, mpaka plagi inalowa petroli. Ikishalowa, hakuna njia ya mkato: toa plagi, ikaushe, vuta kamba mara chache plagi ikiwa nje, irudishe, na uanze upya bila choki.

Kabla ya kuivaa, jitazame ulivyovaa. Tundu la kuvuta hewa liko nyuma, karibu na mgongo wako, na hunyonya chochote kinachopepea: ncha ya mtandio, kamba ya kofia, shati lisilochomekwa, nywele ndefu zisizofungwa. Vaa suruali ndefu, viatu vilivyofunika vidole, miwani ya kazi inayoziba hadi pembeni, na barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Masikio ndiyo yanayosahauliwa kuliko vyote. Kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, sikio lisilokingwa linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Katika desibeli 100, kiwango ambacho mashine hizi hukifikia sikioni mwa mbebaji, muda uliobaki ni dakika 15 kwa siku nzima. Kwa hiyo vikinga masikio si pambo, na anayetegemea pamba iliyosokotwa anajidanganya. Mkanda wa kiuno ukiwepo ufungwe kwanza, ndipo ukaze mikanda ya mabegani, ili uzito ukae nyongani. Sisi hubadilishana watu wawili kila baada ya nusu saa, kwa sababu mtetemo hufisha ganzi vidole, na mtu aliyechoka huacha kuangalia bomba linaelekea wapi.

Sasa tuje kwenye upepo, ambao ndio mwenzako wa kazi au adui yako. Huku kwetu kusi huvuma kutoka upande wa kusini tangu Aprili hivi hadi Oktoba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa hiyo nusu ya mwaka tunaanzia kona ya kusini ya eneo na kusukuma kuelekea kaskazini, na nusu nyingine tunafanya kinyume, na mashimo ya mboji tumeyachimba mawili, moja kila mwisho, badala ya kuhangaika kushindana na Mungu. Kuna pia upepo wa kila siku: asubuhi na mapema hewa imetulia lakini majani yana umande na yamelala chini kama yaliyogundishwa kwa gundi, na kuanzia adhuhuri upepo wa baharini unazidi nguvu na kulitawanya kila lundo. Muda mzuri ni kati ya saa mbili na nusu na saa tano asubuhi, umande ukiwa umekauka na bahari haijaanza kupuliza. Saa hizo pia hazimwamshi mtu usingizini wala haziingiliani na swala ya adhuhuri. Kukiwa na msiba jirani, mashine hailii kabisa siku hiyo.

Kabla ya kuwasha, zunguka eneo kwa miguu na kuokota kwa mkono chupa, mawe, vipande vya nondo, viatu vya watoto na vifuu vya nazi. Angalia pia upande wa pili wa ua. Mimi niliwahi kumwagia vumbi mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi nyuma ya ukuta wetu, na nikanunua karai lote kwa haki kabisa. Tangu hapo mtu mmoja hutoka nje kwanza kutazama kama kuna nguo zimeanikwa, chakula, au gari lililoachwa madirisha wazi. Mtu asiyehusika akikaribia ndani ya hatua kumi na tano, rudisha resi chini mpaka apite.

Ukianza, anza na resi ndogo na uongeze mpaka majani yaanze kusogea, kisha ukomee hapo. Kwenye pevingi kavu, robo ya resi mara nyingi inatosha; nusu kwa nyasi fupi; ya mwisho ihifadhiwe kwa majani yaliyolowa na matope yaliyokauka pembezoni mwa mtaro. Mdomo wa bomba uwe mbele yako, usawa wa goti au chini yake, ukilala kiasi cha kupuliza chini ya majani na si juu yake. Tembea polepole ukiyumbisha bomba kulia na kushoto kwa upinde mpana, na kila pigo lifunike kidogo mahali pigo lililotangulia liliishia. Ukiona majani yanaruka juu na kukurudia usoni, bomba limesimama mno. Likilala mno, upepo unapita juu yao na wao wanabaki wakitetemeka.

Majani nayo hayafanani, na hili mtu hulijua kwa kuyatazama kwa karibu. Jani la mkungu, kubwa kama sahani, likikauka hujikunja kingo kuelekea juu na kuwa kama mtumbwi, hivyo upepo mdogo tu hulipeleka mbali. Kosa ni kulipiga kwa nguvu, kwani litapaa na kutua ulikotoka. Jani la mwembe ni jembamba, zito na laini, likilowa hushikamana na mwenzake kama kurasa za daftari lililoangukia majini, na dawa yake ni kutafuta ukingo wa tabaka, kulaza mdomo wa bomba karibu kabisa na ardhi, na kulikunja tabaka zima kama mkeka. Sindano za mvinje ndizo zinazosumbua: husukana kuwa zulia, na ukizivamia kwa nguvu unahamisha mchanga wote uliozishika huku zenyewe zikibaki. Hizo tunazilegeza kwanza kwa reki, na nyingine tunaziacha chini ya miti yenyewe, ambako zinazuia magugu.

Lundo lisizidi urefu wa goti. Likizidi, upepo unalipasua katikati badala ya kulisukuma, nawe unaanza kukimbizana na vipande. Ligawe mara mbili au utandike turubai mbele yake. Ukingo wa turubai ulio upande wako ukanyagiwe kwa mawe, na resi ipunguzwe majani yakishapanda juu yake. Penye kona ya kuta mbili, usipulize moja kwa moja ndani ya kona. Elekeza upepo kandokando ya ukuta mmoja, nao utaizunguka kona na kuyatoa majani kwa upande wa pili. Chini ya michongoma na maua anzia shinani kuelekea nje. Kwenye kokoto, inua mdomo wa bomba na utumie resi ndogo kabisa, majani yatakwenda na kokoto zitabaki, ingawa kokoto moja yenye ukaidi haikosekani, na ndiyo inayotafuta kioo cha gari.

Uwanja wa mchanga unahitaji neno la peke yake. Wazazi wetu walifagia uwanja kwa chelewa ukabaki na mistari mizuri, na udongo ukabaki mahali pake. Blowa haijui kutofautisha jani na udongo mkavu, na ukipuliza uwanja uleule kila juma wakati wa kiangazi, baada ya miezi michache utaona mizizi imejitokeza na msingi wa baraza umechomoza. Sisi tumeamua hivi: uwanja wa mchanga hufagiliwa kwa chelewa, na blowa huishia kwenye pevingi, nyasi na mitaro. Inapobidi kuitumia hapo, uwanja hunyunyiziwa maji kidogo saa moja kabla, kiasi cha kuushika udongo bila kuyalowesha majani.

Mitaro ndiyo inayoonyesha faida ya mashine hii kuliko kitu kingine. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika kuanza Machi, tunapuliza mitaro yote ikiwa mikavu, tukianzia mahali pa juu kufuata mteremko wa maji, na kazi iliyokuwa ikichukua siku mbili kwa koleo huisha asubuhi moja. Mifereji ya bati ni jambo lingine. Usipande ngazi na blowa mgongoni: uzito unakuvuta nyuma, na msukumo wa upepo unakuyumbisha kila unapovuta resi. Kuna mabomba marefu yenye kichwa kilichopinda yanayokuwezesha kupuliza mfereji ukiwa umesimama chini, na asiyekuwa nayo apande na ndoo na asafishe kwa mkono.

Zipo sehemu ambazo mashine hii haitakiwi kabisa. Banda la kuku, stoo yenye mavi ya panya na dari lenye popo visipulizwe, kwa sababu vumbi la vinyesi vilivyokauka hubeba magonjwa ya mapafu. Vilowanishwe na kuzolewa. Vumbi la saruji na mahali palipopigwa dawa ya wadudu navyo visipulizwe. Jivu la taka zilizochomwa jana lisiguswe hata kama linaonekana jeupe na baridi, kwa kuwa kaa moja lililojificha chini yake linaweza kuangukia nyasi kavu au paa la makuti, na hapo hamtahitaji tena kusafisha uwanja. Majani yenyewe hatuyachomi. Ya mwembe hukawia kuoza, kwa hiyo huenda kwenye shimo la mboji yakichanganywa na nyasi mbichi, na ya mkungu hutandazwa chini ya migomba.

Baada ya kazi, iache injini ingurume bila resi kwa dakika moja kabla ya kuizima. Kichujio cha hewa kitazamwe kila siku wakati wa kiangazi: cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa kivulini, cha karatasi hugongwagongwa kwa upole na hakioshwi. Wavu wa tundu la hewa usafishwe kwa brashi, kwani jani moja lililonasa hapo linatosha kuinyima injini hewa ya kuipoza. Plagi hutolewa kila baada ya majuma machache na kupimwa uwazi wake, ambao katika mashine nyingi ni milimita 0.5. Mashine ikianza kupoteza nguvu polepole huku plagi na kichujio vikiwa safi, fungua ekzosi utazame wavu mdogo wa kuzuia cheche. Huziba kwa masizi, na kuusafisha kwa brashi ya waya hurudisha nguvu palepale. Sisi wa karibu na bahari tuna kazi ya ziada ya kuifuta mashine nzima kwa kitambaa chenye oili kidogo, kwa sababu chumvi ya hewani hula skrubu na springi kwanza.

Wakati wa masika, ambapo mashine hukaa majuma mengi bila kazi, mwaga mafuta yote yaliyomo tangini, kisha iwashe iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta isibaki na mafuta yatakayogeuka ulimbo. Iweke juu ya rafu, si sakafuni, na uzibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinachoonekana wazi. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanazipenda sana tundu za ukubwa ule, na kabla ya kuiwasha tena mwezi wa Juni toa kitambaa hicho na umulike kwa tochi ndani ya ekzosi na ndani ya bomba.